Siku ya Tisini

Walitupa siku tisini.
Kivunje, kiyeyushe, au ukipeleke mwenyewe
kwa karani wa serikali kule Billings,
na hutapata hata senti ya kufutia jasho.
Karatasi ilikuja na mchoro:
kata hapa, na hapa, na hapa tena,
kama fundi cherehani anayemwelekeza mwanagenzi.

Mimi nilikuwa nacho kimoja.
Nilikinunua kwenye maonyesho ya silaha
mwaka ule ngano ilipopanda bei:
kitako cha plastiki nyeusi, chepesi kama kandambili,
kinachoiachia bunduki icheze begani
hata kidole kimoja kikafanya kazi ya vidole ishirini.
Nilikitumia mara moja tu, siku ya kuzaliwa ya shemeji.
Risasi mia moja. Hata pumzi hatujashusha, zimekwisha.
Boga tulilolilenga lilibaki juu ya gogo
likitutazama.

Dukani kwa Haugstad, Jumamosi ile,
kahawa ilipoa vikombeni.
Merle Tvedt alipiga kaunta kofi:
"Haba na haba hujaza kibaba,
na haba na haba hukikausha!
Leo kitako, kesho magazini, kesho kutwa
watakuja kuhesabu visu vya jikoni kwangu."
Curtis, aliyerudi vitani na sikio moja,
akasema anayejua kulenga
hamwagi risasi kama anayemwagilia mchicha.
Tulimzomea, lakini kwa sauti ya chini,
kwa heshima ya lile sikio.
Haugstad mwenyewe, mwenye ishirini na vinne stoo,
alikuwa kimya, akipiga hesabu nyuma ya risiti.

Nami nilipayuka. Nisijitie utakatifu.
Nilisema wameanza na kile ambacho hakuna atakayekililia,
na ndivyo aanzavyo mwizi mjanja:
na kuku asiyetaga.
Bado naamini nusu ya maneno yale.
Nusu ipi, hutegemea nimeamkaje.

Ndipo LaVonne akaingia kununua chambo.
Binti yake alitoka mzima kwenye uwanja ule wa muziki,
mzima, ila hawezi kukaa karibu na mashine ya bisi.
LaVonne hakumtazama mtu.
Alihesabu sarafu zake moja moja juu ya kioo,
na chini ya kioo bastola zimelala kwenye mahameli.
Wanaume saba tukageuka
kuchunguza ndoano za samaki.

Vernon alikizika chake ndani ya bomba la maji
chini ya kibanda cha mbwa.
Ni siri. Mji mzima unaijua.

Siku ya tisini theluji ilifika dirishani.
Nilikibana kwenye jiliwa, nikatwaa msumeno wa chuma.
Mjukuu wangu Signe alinishikia tochi.
"Babu, umefanya kosa gani?"
"Sijafanya. Jana halikuwa kosa."
"Na leo?"
"Leo, ikifika saa sita usiku."
"Kitu hichohicho?"
"Hichohicho."
Alifikiri, mwanga wa tochi ukayumba ukutani,
kisha akauliza kama anaweza kupewa springi.
Haikuwa na springi. Nilisikitika kumwambia.

Plastiki inanuka ikikatwa, kama nywele zilizoungua.
Mchoro ulitaka vipande vinne, nikakata vitano,
kwa hasira au kwa hakika, sijui.
Kimoja nimekiweka chini ya mguu wa meza ya gereji
iliyokuwa ikitikisika tangu baba yangu yu hai.
Haitikisiki tena.
Sikumwambia Merle.

Alfajiri nilitoka kuwapa kuku maji ya moto.
Baridi ilikuwa kali, na sauti zilifika mbali.
Upande wa kwa Vernon
nilimsikia mbwa akifukua.